Kiyoyozi kinavuma, kinapiga "tak", kinanyamaza: je, kompresa imekufa?

*"Habari fundi. Tumehamia nyumba yenye kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje. Kinapoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi. Kibandiko kinaonyesha kina miaka 9, na si cha inveta. Tangu baridi ianze kinatoa sauti zinazotunyima raha. Jioni ile ya ndani inalia tik, tik, tik kama mtu anayevunja vijiti. Ya nje nayo kila baada ya muda inapiga 'fshuuu' kubwa, feni inasimama, moshi mweupe unatoka, halafu baada ya dakika chache inaendelea kama hakuna kilichotokea. Na kwa siku nne sasa, nikiiwasha asubuhi, ya nje inavuma 'mmmm' sekunde chache, inapiga 'tak', inanyamaza. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Mara ya tatu au ya nne ndipo inawaka. Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, akaongeza. Wa pili amesema kompresa imekufa, ninunue mashine mpya. Mke wangu anasema tuizime kabisa kabla haijalipuka. Nimsikilize nani?"*

Kati ya hao watatu, mkeo ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa sababu yake siyo. Mashine hiyo hailipuki kwa kuvuma. Lakini kila inapovuma asubuhi bila kuwaka, kompresa, yaani pampu ya mashine ya nje inayosukuma gesi, inaumia kidogo, na kuizima mpaka ipimwe ni busara kuliko kuiongezea gesi au kukimbilia dukani.

Nikisoma barua yako naona kilichokutisha si sauti moja. Umesikia tatu kwa mpigo, katika nyumba usiyoizoea, ukazichukua kuwa dalili za ugonjwa mmoja. Mbili kati yake ni za mashine nzima inayofanya kazi yake. Ya tatu ni ya hitilafu kweli, na hitilafu hiyo mara nyingi huwa ndogo kuliko ulivyoambiwa.

Watu wakinipigia simu huanza kuniigizia: "inafanya krrr", "inafanya ngo ngo ngo". Wengine ni mafundi wa kuigiza kuliko mimi nilivyo fundi wa mitambo. Nawasikiliza, kisha nauliza: inalia lini? Inapoanza, inapozima, au muda wote? Ukiongeza kasi ya feni, nayo inakwenda mbio? Hewa inayotoka bado ina joto au ubaridi ule ule? Sauti ile ile ya "tik" inaweza kuwa plastiki inayotanuka au kipande cha feni kilichovunjika, na sikio peke yake halitakwambia ni ipi. Saa yake ndiyo itakayokwambia. Wewe umenipa saa za zote tatu bila kuombwa, na ndiyo maana naweza kukujibu nikiwa mbali.

Tuanze na vijiti vinavyovunjika ukutani. Mwili wa mashine ya ndani ni vipande vya plastiki vilivyobanwa kwa ndoano ndogo juu ya bamba la chuma. Ukiwasha upashaji, hewa ya nyuzi 40 na zaidi inapita katikati yake. Plastiki hutanuka mara kadhaa kuliko chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo kipande kimoja kinataka kusogea na mwenzake hataki. Vinashikana, vinashikana, halafu kimoja kinaponyoka: tik. Mashine ikizima na kupoa, safari inarudi kinyumenyume, na unasikia tena. Mchana hamuisikii kwa sababu nyumba ina kelele. Jioni redio imezimwa na watoto wamelala, kila tik inasikika kama mtu yuko darini.

Jihakikishie hivi. Subiri ianze kulia, kisha weka kidole kwa upole pembeni mwa mfuniko wa mbele na kuubonyeza kidogo. Kama ni plastiki, sauti itabadilika au itakoma papo hapo. Halafu chukua rimoti, peleka feni kasi ya chini, kisha ya juu. Tiktik za plastiki hazijali kasi ya feni, huja ovyo ovyo, mbili sasa, moja baada ya nusu dakika, na hupungua mashine ikishapata joto lake. Tiktik zinazokwenda kwa mpigo sawa kama saa, zikiharakishwa na feni, ni habari nyingine: kuna kitu kinagusa lile gurudumu refu la feni, au bapa lake moja limevunjika. Hiyo inahitaji kufunguliwa. Yako, kwa maelezo yako, ni ya kwanza.

Sasa ile "fshuuu" na moshi. Hapa kuna dhana niliyoisikia mara nyingi mno, kwamba ni gesi inayovuja. Si gesi, na wala si moshi.

Kiyoyozi kinapopasha hakitengenezi joto kama jiko linavyofanya. Kinalibeba kutoka nje na kuliingiza ndani, hata kama nje kuna baridi. Ili joto liingie katika koili ya nje, yaani bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi, koili hiyo lazima iwe na ubaridi kuliko hewa inayoizunguka. Kama hewa iko nyuzi 4, koili inaweza kuwa chini ya sifuri. Unyevu wa hewa ukiigusa unaganda, na polepole koili inafunikwa na utando mweupe wa barafu, mpaka hewa haipiti tena. Mashine inalijua hilo kwa kipimajoto kilichobanwa kwenye bomba. Inachofanya ni kujigeuza: vali iliyo ndani inabadilisha njia ya gesi, na kwa dakika 5 hadi 10 hivi inarudi kuwa mashine ya kupoza, ikichukua joto na kulipeleka nje ili barafu iyeyuke.

Vali hiyo inapogeuka, upande uliokuwa na shinikizo kubwa unakutana ghafla na upande wa shinikizo dogo. Hiyo ndiyo fshuuu yako. Feni zote mbili zinasimama, ya nje ili isipulize joto linaloyeyusha barafu, ya ndani ili isikupulizie hewa baridi usoni. Barafu inayeyuka juu ya bomba lenye joto, na mvuke unapaa. Ikimaliza, vali inageuka tena, fshuuu ya pili, kazi inaendelea. Katika hali ya baridi yenye unyevu, jambo hili linaweza kujirudia kila dakika 30 hadi 90.

Ukitaka kuutenganisha mvuke na moshi, tumia pua. Mvuke hauna harufu na hupotea hewani hatua mbili tatu kutoka kwenye mashine. Moshi wa waya unaoungua unanuka plastiki na unakaa. Ukiunusa huo, zima kwenye breka, ile swichi inayokata umeme wote wa mashine, usizime kwa rimoti.

Fshuuu ingenipa wasiwasi kama ingekuja kila baada ya dakika chache, au kama baada yake barafu bado ipo, nene, imeshikamana hadi chini kwenye sakafu ya mashine. Wakati mwingine feni huanza kuchapa hiyo barafu, tapatapatapa. Hapo zima na uite mtu. Tafadhali usiikwangue kwa kisu wala bisibisi. Mapezi ya koili ni bati jembamba la alumini, na nyuma yake kuna bomba lenye ukuta mwembamba. Nimeziba matundu ya bisibisi zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye nyumba alikuwa anasaidia tu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

"Mmmm, tak, kimya, dakika kadhaa, mmmm." Hiyo ni mota ya kompresa inayopewa umeme na haizunguki. Kwa nini isizunguke? Umeme wa majumbani unakwenda na kurudi, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Kwenye mota ya njia moja ya umeme, mwendo huo wa kwenda na kurudi unaisukuma mbele na nyuma kwa nguvu sawa, na mota iliyosimama haijui izunguke upande upi. Fikiria baiskeli ambayo kanyagio lake liko wima juu kabisa. Ukilikanyaga moja kwa moja kwenda chini, hata uwe na nguvu kiasi gani, gurudumu halianzi. Unahitaji msukumo wa pili, wa pembeni, wa kulitoa pale. Kwenye kompresa kama yako, isiyo ya inveta (yaani isiyobadilisha kasi yake), msukumo huo hutolewa na waya wa pili uliozungushwa ndani ya mota, ukisaidiwa na kapasita, kimkebe cha bati au plastiki kinachokaa chini ya kifuniko cha mashine ya nje. Kapasita inautanguliza umeme wa waya huo kidogo tu, kiasi cha kufanya misukumo miwili isije kwa wakati mmoja. Mota inapata upande, inaondoka.

Kapasita ikichoka, msukumo wa pembeni unadhoofika. Mota inabaki pale pale ikitetemeka kwa nguvu za sumaku, ndiyo "mmmm" unayoisikia. Mota iliyokwama namna hiyo hunywa umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na umeme wote huo unageuka kuwa joto. Baada ya sekunde chache swichi ndogo ya ulinzi, inayojikata kwa joto, inakata: "tak". Ikipoa inajiunga tena, na mchezo unaanza upya.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu mashine imelala usiku kucha. Mafuta ndani ya kompresa ni mazito kwa baridi, na gesi imetiririka kuelekea sehemu yenye ubaridi zaidi, ambayo mara nyingi ni kompresa yenyewe, ikageuka kimiminika na kujichanganya na mafuta. Mota inahitaji msukumo mkubwa kuliko mchana, na kapasita dhaifu haina wa kutoa. Asubuhi pia ni saa ambayo kila jirani amewasha birika na pasi, na umeme unaweza kushuka. Kila jaribio lililoshindwa linapasha mota joto na mafuta yanalainika, ndiyo maana jaribio la tatu au la nne linafaulu. Unafurahi kwamba imewaka. Mimi nikisikia hivyo nafikiria rangi ya kuhami inayofunika waya za mota, inavyokaangwa mara tatu kila asubuhi. Rangi hiyo ikiungua, waya zinagusana, na hapo fundi wako wa pili atakuwa amesema kweli.

Ndipo tunarudi kwa fundi wa kwanza na gesi yake. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine isiyovuja inaweza kumaliza maisha yake na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kama imepungua, kuna tundu, na anayeongeza bila kulitafuta anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mashine iliyopungukiwa gesi ina dalili zake: inafanya kazi saa nyingi bila kufikia joto uliloomba, barafu inaota sehemu moja tu ya koili, kwenye maungio ya mabomba kuna doa la mafuta lenye vumbi, na wakati mwingine unasikia "sss" nyembamba isiyokoma. Wewe hukuandika hata moja. Unacholalamikia ni kuwaka kwake, si joto lake.

Kwa hiyo gesi aliyoongeza huenda imeingia juu ya gesi iliyokuwa kamili. Gesi ikizidi, shinikizo la upande wa juu linapanda, kompresa inabeba mzigo mzito zaidi, na kuanza kwake kunazidi kuwa kugumu. Siwezi kuapa kwamba amekuharibia. Lakini jiulize tarehe: aliongeza kabla ya "mmmm" kuanza, au baada? Kama ni kabla, mwambie fundi atakayekuja, maana ni habari kubwa. Kiasi sahihi cha gesi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwa kilo au gramu. Fundi makini huitoa yote, huvuta hewa na unyevu kwa pampu, kisha huijaza upya mtungi ukiwa juu ya mizani. Anayeongeza kwa kushika bomba na kusema "sasa imepoa vizuri" anabahatisha, na wakati wa baridi mashine ikiwa kwenye kupasha anabahatisha mara mbili.

Na wa pili, wa kompresa imekufa? Nitakuwa mpole kwake kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwambia mzee mmoja kwamba kompresa yake imekwisha. Ilikuwa inavuma na kukata, kama yako. Akanunua nyingine, nikafanya kazi siku nzima kukata, kuchomelea na kujaza gesi, nikawasha: mmmm, tak. Ile mpya! Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikiwa sina pa kutazama. Ulikuwa ni waya mmoja unaoingia kwenye kapasita, kichwa chake kimelegea na kuungua kikawa cheusi. Mzee hakunigombeza, aliniletea kiti tu. Tangu siku hiyo kompresa siizungumzii mpaka nimalize kupima.

Vipimo vyenyewe havichukui saa nzima, na una haki ya kuviona vikifanyika. Kwanza umeme unaofika kwenye mashine wakati inajaribu kuwaka, siyo ikiwa imezimwa, kwa sababu waya mbovu au breka iliyochakaa huonyesha volti nzuri mpaka mzigo uingie. Pili waya na kontakta (swichi inayopeleka umeme kwenye kompresa), kwa macho na kwa mita: kichwa cheusi, plastiki iliyoyeyuka, ncha zilizolika. Tatu kapasita. Ubavuni imeandikwa namba ya maikrofaradi, kipimo cha uwezo wake, na kiwango inachoruhusiwa kupotoka, mara nyingi asilimia 5. Iliyoandikwa 35 ikisoma kati ya 33 na 37 hivi, ni nzima. Ikisoma 22, umepata mwizi wako. Nyingine hata hazihitaji mita, kichwa chake kimevimba kama mkebe wa samaki ulioharibika.

Kompresa inapimwa mwisho. Mashine ikiwa imezimwa na waya zimetolewa, ina ncha tatu: ya pamoja, ya kuanzia na ya kukimbilia. Usomaji wa kati ya kuanzia na kukimbilia unapaswa kuwa sawa na jumla ya ile miwili mingine. Kisha kila ncha inapimwa na mwili wa chuma, na hapo pasiwe na njia ya umeme. Haya yote yakiwa sawa, kompresa kwa upande wa umeme ni nzima, na inabaki uwezekano kwamba imekwama kimakanika. Yakikosea, fundi wako wa pili anastahili kuombwa radhi. Atakayekuja mwambie akuandikie namba hizo kwenye karatasi. Aliyezipima hatasita kuziandika.

Usifungue kifuniko hicho wewe mwenyewe. Nasema hivi bila kutia chumvi: kapasita huhifadhi umeme hata breka ikiwa imezimwa, na unaweza kuwa wa kutosha kukurusha. Fundi huuondoa kwa kizuizi maalumu, kisha hupima kuhakikisha, ndipo anagusa.

Tuseme imeonekana ni kapasita. Inabadilishwa kwa yenye namba ile ile ya maikrofaradi na volti zisizopungua za ile ya zamani, kazi inaisha kabla chai haijapoa, na mashine ya miaka 9 inaweza kukutumikia misimu kadhaa zaidi. Ikionekana mota inaanza kwa shida hata na kapasita mpya, baadhi ya mafundi watakushauri kifaa cha kusaidia kuanza, ambacho huongeza kapasita ya pili kwa nusu sekunde ya mwanzo. Kinafanya kazi. Mimi hukifunga pale ambapo umeme wa nyumba ni dhaifu na hauna namna ya kurekebishwa. Nikikiona kimefungwa kwenye kompresa inayozeeka, najua kuna mtu aliyenunua muda, na hilo si kosa mradi mwenye nyumba ameambiwa kwamba anachonunua ni muda.

Ikiwa ni kompresa kweli, hapo hesabu inabadilika. Kompresa mpya kwenye mashine ya miaka 9 ina maana ya koili za miaka 9, mota za feni za miaka 9 na bodi ya umeme ya miaka 9 kuizunguka. Tena kompresa iliyoungua huacha tindikali ndani ya mabomba, na isiposafishwa vizuri na kuwekewa chujio jipya, inaiua mpya yake ndani ya muda mfupi. Mimi kwa mashine ndogo ya chumba ya umri huo ningebadilisha yote. Kwa mfumo mkubwa wa nyumba nzima, au ulio chini ya dhamana ya kompresa (nyingine ni ndefu kuliko dhamana ya mashine, soma karatasi zako kama waliohama walikuachia), ningefikiri mara mbili.

Mpaka apatikane wa kupima, usiiache ijaribu mara tatu nne. Iwashe mara moja tu kama lazima, na ikivuma bila kuwaka zima kwenye breka hapo hapo. Ila kuna jambo la kumwambia mkeo. Kuna mashine zenye hita ndogo chini ya kompresa, inayoyaweka mafuta kwenye joto wakati wa baridi. Hita hiyo inahitaji umeme usiku kucha. Kama mmekuwa mkizima kwenye breka kila mnapolala kwa hofu, mnaifanya asubuhi iwe ngumu zaidi. Baada ya matengenezo, zimeni kwa rimoti tu, na kama breka imekaa chini muda mrefu kwenye baridi, ipandisheni na kuiacha kwa muda wa saa 12 au zaidi kabla ya kuwasha.

Hukuuliza kuhusu sauti nyingine, lakini sasa unasikiliza kila kitu, kwa hiyo nakudokezea. "Koro koro" ya maji dakika chache baada ya mashine kuzima ni gesi na mafuta vikitulia ndani ya mabomba. Ikiwa inatoka kwenye bomba la kumwaga maji kila mnapowasha feni ya kutoa hewa jikoni, fungua dirisha: nyumba imefungwa mno na feni inavuta hewa kupitia bomba hilo. Mluzi mwembamba kutoka kwenye mashine ya ndani, toa chujio ulitazame dhidi ya mwanga. Kama huoni mwanga, lioshe. Mtetemo wa bati nje, bonyeza ubavu wa mashine kwa kiganja, mbali na wavu wa feni. Ukikoma, ni skrubu au mpira ulio chini ya mguu wa mashine. Niliwahi kuitwa kwa "mtu anayebisha ukutani usiku", na ilikuwa bomba la shaba lililogusa boriti. Kipande cha mpira kikamfukuza huyo mtu.

Kilio cha juu kama breki kavu ni beringi ya mota ya feni, na inakupa siku, si saa tu, kwa hiyo unayo nafasi ya kupanga. Chuma kusaga chuma hakukupi hata saa. Zima. Zima pia kwa kugonga kwa nguvu ndani ya kompresa, kwa harufu ya kuungua, kwa breka inayoanguka tena baada ya kuipandisha mara moja, na kwa "sss" isiyokoma pamoja na mashine iliyoacha kupasha. Katika hiyo ya mwisho fungua madirisha na usiwashe moto karibu, kwa sababu R32, gesi inayojaa mashine nyingi za sasa, inaweza kushika moto ingawa si kwa urahisi. Na wenye tanuri la gesi la kupasha nyumba badala ya kiyoyozi, wakisikia "bum!" kila linapowaka, wasisubiri jibu la maandishi kama hili. Gesi inakusanyika kabla ya kushika moto. Wafunge gesi na kumwita mtu siku hiyo hiyo.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa rimoti, weka simu yako karibu na dirisha la upande wa mashine ya nje na uanze kurekodi. Washa mara moja. Ikivuma, hesabu sekunde mpaka "tak", zima breka, na umsikilizishe fundi rekodi hiyo kabla hajatoa bisibisi. Akikuuliza ilichukua sekunde ngapi, mpe chai.